Saa Tano Asubuhi, Digrii Kumi na Tano

Mwezi uliopita nilirudisha koti langu jeupe stoo, na karani wa stoo akanifanya nisaini kwamba limepungua kifungo kimoja. Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Siku hiyo hiyo ninyi vijana wa maabara mliniandalia chai na keki, mkanisifu kwa mambo ambayo nusu yake sikuyafanya, halafu mmoja wenu, yule mrefu wa miwani, akaniuliza, "Madam, hivi zamani mlikuwa mnaunganisha DNA na nini, na hizi mashine za baridi hazikuwepo?" Nikamjibu, "Makaa." Mkaangua kicheko nyote. Mlidhani ninawachezea. Sasa niko nyumbani, kuku wamelishwa, hakuna wa kunikatiza, na nitawaeleza.

Mambo ya vyeo na mshahara sitayagusa. Mwenye hamu nayo aombe faili langu, na aende na kitambaa cha kufutia vumbi.

Niliingia kazini miaka michache baada ya Uhuru, msichana wa kutoka upande wa Elburgon, mwenye sketi moja nzuri na cheti kimoja. Maabara yetu ilikuwa ya magonjwa ya mifugo, nje kidogo ya Nakuru kwenye barabara ya kupanda Njoro. Nilitegemea kupewa darubini. Nilipewa brashi ya kuoshea chupa, na sinki lenye kina cha kufika kwapani. Mwenye chumba kile cha kuoshea alikuwa Mzee Zakayo, mtu mfupi, mtaratibu, aliyevaa tai kila siku na kuiingiza ndani ya shati ili isilowe.

"Msichana wangu," akaniambia asubuhi ile ya kwanza, "hapa tunaosha mara saba. Si sita."

"Na nikiosha mara sita?"

"Nitajua."

Nikaosha mara sita, kichwa ngumu mimi. Akaichukua chupa, akaijaza maji, akayamwaga, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye chupa safi maji huteremka yote kwa pamoja, hayaachi hata tone. Kwenye yangu yalikatika yakabaki vitone vitone. Alinirudishia tu, nami nikaanza upya kutoka moja. Saa nane mchana nilivunja chupa kubwa kuliko zote, nikajua kazi imeisha kabla haijaanza. Zakayo akaleta ufagio, akaniambia nile kwanza, mikono ya mtu mwenye njaa huteleza. Namshukuru mzee yule mpaka leo. Wakubwa wengi niliokutana nao baadaye wangeanza na barua ya onyo.

DNA niliiona kwa macho kabla sijaelewa ni nini. Wakubwa wa maabara walitaka kuitoa kwenye ng'ombe, basi Zakayo nami tukawa tunatumwa machinjioni mapema asubuhi kuchukua ile tezi laini iliyo chini ya shingo ya ndama. Wachinjaji walitucheka. Walidhani tunaenda kuipika. Tuliisaga pamoja na chumvi na sabuni, tukaichuja kwa shashi, kisha tukamimina spiriti baridi polepole pembeni mwa chupa ili ielee juu. Pale maji na spiriti yanapokutana, nyuzi nyeupe hujitokeza, nawe unazizungusha kwenye kijiti cha kioo mpaka zijisokote. Haraka kidogo tu, zinakatika. Zakayo akaziinamia, akarekebisha tai.

"Hii ndiyo inamfanya ng'ombe awe ng'ombe?"

"Ndivyo wanavyosema, mzee."

"Ai! Mbona kama mlenda?"

Kisha ikaja kazi ya kuzipanga zile nyuzi, ndefu kando na fupi kando. Vitabu vilitaka unga mweupe fulani wa kuagiza ng'ambo, unaoshindiliwa ndani ya bomba la kioo, halafu unapitisha DNA juu yake. Unga ukakawia njiani miezi na miezi. Siku moja Zakayo akaliokota kopo tupu la unga wa zamani wa ng'ambo, akatia kidole kwenye vumbi lililobaki, akasugua, akaniambia, "Chela, huu ni ule wa Kariandusi." Nikabisha. Jumamosi akaenda mwenyewe kule machimboni, akarudi na nusu gunia, mweupe kuanzia kofia mpaka viatu. Na kweli ulikuwa ule ule! Kitu cha kungojewa kutoka ng'ambo kumbe kiko hapa karibu na Elmenteita, kinachimbwa kwa sururu.

Lakini msidhani tuliutia tu kwenye bomba mambo yakaenda. Mara ya kwanza uliziba. Mara ya pili ukaziba. Mara ya tatu nikalia. Ndipo tukajifunza kuukoroga kwenye pipa la maji, kungoja kidogo, na kumwaga ile sehemu laini mno inayobaki ikielea, tukabakisha ile nzito iliyotulia chini. Tulifanya hivyo wiki nzima, mikono ikapasuka pasuka. Tangu hapo bomba likapitisha. Kuna mtu aliandika ripoti nzuri kuhusu kazi ile. Zakayo hakutajwa, naye hakuuliza. Mimi ndiye niliyekasirika kwa niaba yake, na nimekasirika mpaka sasa hivi ninapoandika.

Zakayo alistaafu, mimi nikabaki na sinki lake, na polepole nikahamia kwenye meza za ndani. Miaka ikapita kwa damu za ng'ombe na kupe kwenye chupa. Halafu, mwishoni mwa miaka ya sabini, akaja Daktari Mwaura.

Alikuwa mtu wa Gilgil, ametoka kusoma ng'ambo, mwembamba, mwenye kuongea huku anatembea. Aliteremka na begi moja la nguo na sanduku la barafu alilolikumbatia kifuani. Alikataa kumpa mtu yeyote alibebe. Wakampa chumba kilichokuwa stoo ya dawa ya kupe. Kilinuka, woi, hata nzi hawakuingia. Siku ya pili akanijia kwenye meza yangu.

"Wewe ndiye Chela? Nimeambiwa unajua kuvuta DNA kwa kijiti bila kuikata."

"Najua."

"Mimi mkono wangu ni mzito. Utanifunza?"

Nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi, na hakuna mwenye digrii aliyewahi kuniomba nimfunze kitu. Nilijibu "Sawa, Daktari" kana kwamba naombwa kila siku, kisha nikaenda chooni kutulia.

Alinielezea kazi yake kwa kamba za viatu vyake mwenyewe. Alizifungua zote mbili, akafunga kila moja iwe duara. "Hizi ni pete mbili za DNA," akasema. "Zinaishi ndani ya bakteria. Pete hii inamkinga bakteria na dawa ya kwanza. Hii nyingine inamkinga na dawa ya pili. Tunazikata." Akazikata kwa mkasi, haki ya Mungu, kamba nzima nzima. "Sasa tunachukua kipande cha hii na kipande cha ile, tunaviunganisha viwe pete moja, tunamrudishia bakteria. Tukimweka kwenye sahani yenye dawa zote mbili na akaishi, basi vipande vimeungana. Asipoishi, havijaungana." Alishinda siku nzima viatu vikiwa wazi.

Ndani ya sanduku la barafu mlikuwa na vimeng'enya viwili. Kimoja kilikata DNA, tukakiita mkasi. Kingine kiliunganisha, tukakiita gundi. Mkasi ulikuwa wa kutosha. Gundi ilikuwa kichupa kimoja, mabaki ya kazi yake ya masomo, na hakukuwa na kingine. Aliigawanya ikawa sehemu nne. Yaani tulikuwa na majaribio manne, basi.

Na Mkuu wetu wa Nairobi, aliyempa Daktari ruhusa ya kazi ile, hakuwa mtu wa kungoja. Aliandika kwamba atakuja mwenyewe kuona. Kama hakuna kilichoungana, chumba kitarudi kuwa stoo ya dawa ya kupe. Daktari alikuwa na barua ya kazi ng'ambo mfukoni, alinionyesha, akasema haitaki, anataka siku moja chanjo za ng'ombe wa bonde hili zitengenezwe bondeni humu. Chumba kikifungwa, ataikubali, atake asitake. Mimi nami ningerudi kwenye brashi. Sikuidharau brashi. Lakini nilikuwa nimeonja kingine, na sikutaka kukitema.

Jaribio la kwanza tuliliweka kwenye friji yetu ya mafuta ya taa, mle mle na chanjo. Sahani zikatoka tupu. La pili tukaliweka kwenye maji ya uvuguvugu. Tupu. Daktari akakaa juu ya kiti, akashika kichwa.

"Tatizo ni baridi," akaniambia. "Zile ncha za vipande zinashikana kukiwa na baridi. Kukipata joto zinaachana. Lakini gundi nayo inataka joto, kwenye baridi inalala. Tunahitaji katikati. Digrii kumi na nne, kumi na tano, mchana kutwa na usiku kucha. Ng'ambo kuna mashine ya hivyo. Sisi tuna friji na tuna moto."

Nilifikiri kidogo, nikamwambia, "Daktari, hiyo ni baridi ya maziwa."

"Ya maziwa?"

"Mama yangu alikuwa anashughulikia maziwa kwenye shamba la mzungu kule Elburgon. Hawakuwa na friji. Walikuwa na kijumba cha makaa."

Wazee wenzangu wanakijua. Ni kijumba chenye kuta mbili za waya, katikati umejaza makaa, juu kuna debe linalodondosha maji. Makaa yanalowa, upepo unapita, ndani kunapoa. Kijumba kama hicho kilikuwepo nyuma ya jiko letu la chai, mabaki ya wakati pale palipokuwa shamba, na kilikuwa makazi ya buibui. Nilikisafisha siku mbili. Nikabadilisha makaa, nikaziba mashimo ya debe mpaka likadondosha ninavyotaka, nikaweka kipimajoto ndani. Ilikuwa miezi ya kiangazi, upepo mkavu unavuma kutoka upande wa Menengai. Digrii kumi na tano. Kesho yake, kumi na tano. Daktari alikiangalia kile kipimajoto, akaniangalia mimi, akacheka mpaka akakohoa.

Maji ya debe yalihitaji kuongezwa kutwa, na mtu aliyekuwa karibu ni Rodah, mama wa jikoni, aliyetupikia chai sote. Nilimwomba anisaidie kuongeza.

"Na mimi napata nini?" akaniuliza, mkono kiunoni.

"Weka maziwa yako ya chai humo. Nafasi iko."

Akakubali. Sikumwambia Daktari. Niliona ni jambo dogo, na nilikuwa najisikia mkarimu.

Jaribio la tatu tuliliweka Jumatatu asubuhi. Mirija midogo ndani ya kopo la bati, kopo ndani ya kijumba. Daktari akanipa daftari. Kila saa nisome kipimajoto, niandike. Saa za usiku tutaziacha wazi, kwa sababu hakuna mtu. Jumatatu yote iliandikwa kumi na tano.

Jumanne niliitwa kushika ng'ombe mmoja mkorofi wakati anatolewa damu. Niliporudi ilikuwa saa tano imepita. Nikafungua kijumba. Ndani mlijaa mkebe mkubwa wa maziwa, na kopo langu halimo.

"Rodah! Kopo liko wapi?"

"Hilo la dawa zenu? Liko pale dirishani." Akaashiria dirisha la jikoni, juu kidogo ya meko. "Leo kuna wageni, wafugaji wa Subukia wamekuja kufundishwa, maziwa ni mengi. Si uliniambia niyaweke humo?"

Nilimwambia, ndiyo. Ningemlaumu vipi? Nikatumbukiza kipimajoto kwenye kopo. Ishirini na sita. Mirija ilikuwa imekaa pale kwa Rodah dakika arobaini hivi, pengine zaidi. Nikatoa mkebe wa maziwa, nikarudisha kopo, nikasimama pale na daftari mkononi. Mstari wa saa tano ulikuwa wazi. Wa saa nne ulisema kumi na tano, na wa saa sita ungesema kumi na tano.

Nikaandika kumi na tano.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sikuogopa kufukuzwa, Daktari hakuwa mtu wa hivyo. Niliona aibu. Kijumba kilikuwa wazo langu, na mimi ndiye niliyekigeuza kabati la maziwa. Nikajiambia kazi imeshaharibika, sahani zitatoka tupu kama zile nyingine, na hakuna atakayefungua ukurasa ule tena.

Jumatano tukawapa bakteria ile DNA, tukawamwaga kwenye sahani zenye dawa zote mbili. Alhamisi asubuhi Daktari alifika kabla yangu. Nilisikia kelele kutoka kwenye korido. Nilikimbia nikidhani kuna moto. Alikuwa amesimama katikati ya chumba na sahani mkononi, na ndani ya sahani mna vidoti vyeupe vya bakteria walioishi, vingi, vimetapakaa kila mahali. Ile sahani ya vipande visivyotiwa gundi ilikuwa tupu, inavyotakiwa. Alinishika mabega akanitikisa. "Zimeungana, Chela! Hapa! Kwenye makaa!" Nikacheka naye. Nilikuwa nimefurahi kweli, lakini daftari sikulitazama.

Mkuu akaja Ijumaa. Alikuwa mtu mzito, wa maneno machache, aliyeviinamia vile vidoti kwa muda mrefu.

"Vizuri," akasema. "Lakini kitu kikitokea mara moja, sijui ni nini. Mnaweza kurudia?"

"Tunaweza," Daktari akajibu. "Gundi imebaki ya mara moja. Tutafuata hatua zile zile. Kila kitu kimeandikwa." Akachukua daftari, akampa Mkuu kwa mikono miwili, akanielekezea kidole. "Huyu ndiye Chela. Kijumba ni wazo lake. Angalia alivyoshika joto. Kumi na tano, mwanzo mpaka mwisho."

Mkuu akafungua ukurasa wa Jumanne. Alipitisha kidole kwenye mistari yangu, mmoja mmoja, anashuka. Mimi nikaifikiria ile gundi ya mwisho. Wataiweka kwenye digrii kumi na tano, kwa sababu niliandika kumi na tano. Na mimi peke yangu, katika dunia nzima, ndiye ninayejua kwamba vile vidoti havikutoka kwenye kumi na tano.

"Si kweli," nikasema.

Wakanigeukia wote wawili.

"Saa tano ya Jumanne si kweli. Mirija ilikuwa dirishani jikoni. Ilikuwa ishirini na sita. Nilimruhusu Rodah aweke maziwa, akaitoa. Nikaandika kumi na tano kwa sababu niliona aibu."

Nilisikia debe likidondosha maji huko nje. Mkuu akafunga daftari.

"Kwa hiyo, Daktari, hamjui mlichofanya."

Daktari Mwaura alikuwa amebadilika rangi. Akanitazama, si kwa hasira, kwa namna ambayo hasira ingekuwa nafuu. Kisha akamgeukia Mkuu. "Dakika mbili zilizopita hatukujua," akasema. "Sasa tunajua. Nipe wiki moja."

Akapewa wiki moja.

Mkuu alipoondoka nilingoja kugombezwa. Badala yake Daktari akaniuliza maswali, mfululizo, bila kunitazama. Dakika ngapi? Juani au kivulini? Kopo lilikuwa limefunikwa? Lilirudi lini kwenye kumi na tano? Nilijibu nilichokijua, na nisichokijua nikasema sijui. Mwishoni akasema ataigawa ile gundi ya mwisho nusu kwa nusu. Mirija ya kwanza itakaa kwenye kijumba bila kuguswa. Mirija ya pili itatembea.

"Itatembea?"

"Itafanya kile ilichofanya Jumanne. Chochote kile."

Kugawa nusu kulikuwa hatari. Huenda kidogo kile kisitoshe upande wowote, na hapo ingekuwa mwisho wa yote. Alijua, nami nilijua. Alifanya hata hivyo, kwa ule mkono wake mzito, na mimi nikamshikia mirija.

Tukaweka Jumatatu. Jumanne saa nne unusu tulimwita Rodah. Nilimweleza kwamba tunamwomba atoe kopo lenye alama nyekundu, aliweke dirishani pale pale, na aingize maziwa kama siku ile.

"Mnanichezea," akasema. "Wiki iliyopita ulinikunjia uso kwa jambo hilo hilo."

"Mama, tafadhali," Daktari akamwambia. "Fanya tu ulivyofanya. Na usiharakishe."

Rodah akafuta mikono kwenye aproni, akatoa kopo, akaliweka, akaingiza mkebe, akarudi kukaanga vitunguu, huku watu wazima wawili wenye makoti meupe wamesimama wanaliangalia dirisha lake na saa ya mkononi. Nilisoma kipimajoto kila dakika tano. Niliandika kila nilichokiona. Siku zile zote Daktari aliongea nami mambo ya kazi tu, shika hiki, lete kile. Hakunitania hata mara moja, na mimi sikumwomba msamaha, kwa sababu sikujua ningeanzia wapi.

Alhamisi asubuhi tulizitoa sahani pamoja. Akaziweka mbili mezani, ya kijumba na ya dirishani, akafunua.

Ya dirishani ilijaa vidoti. Vichache kuliko wiki iliyopita, maana gundi ilikuwa nusu, lakini vimejaa. Ya kijumba ilikuwa na vitatu. Alihesabu mara mbili. Vitatu.

Nilimngoja apige kelele kama mara ile. Hakupiga. Hakuishika hata ile iliyojaa. Aliichukua ile yenye vidoti vitatu, akakaa nayo, akaitazama muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa. Baadaye alinieleza anavyofikiri, kwamba kwenye baridi ncha zilishikana, kwenye joto la Rodah gundi ikaamka ikafanya kazi, na kurudi kwenye baridi kukazishikanisha zile zilizoachana. Alisema hana hakika. Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Pale mezani alisema jambo lingine.

"Ungenyamaza, hii ndiyo ningekuwa nayo leo, Chela. Hii. Ningemwonyesha Mkuu vidoti vitatu, ningefunga chumba, ningepanda ndege." Akaiweka chini taratibu. "Na maisha yangu yote ningefikiri kosa ni la mkono wangu."

Hapo ndipo nilipolia. Si kidogo. Nililia mbele yake na mbele ya Rodah aliyekuwa amekuja kuuliza kama vikombe vimekwisha. Nikamwambia, "Nisamehe, Daktari." Akasema, "Nilishakusamehe Ijumaa, ulipofungua mdomo. Lakini nilikuwa na hasira, na nilitaka iishe kabla sijaongea." Kisha akamvuta Rodah kwa mkono aje aone vidoti vyake. Rodah akaviinamia, akasema, "Haya ndiyo mnayafanyia kelele? Si mngeniambia tu," na akaondoka na vikombe.

Nikachukua daftari kuandika matokeo ya sahani mbili. Nilipomaliza nikarudi nyuma mpaka ukurasa wa Jumanne ile ya kwanza. Kumi na tano yangu ilikuwa bado pale, mwandiko mzuri, hauna wasiwasi. Nilishika raba. Daktari akaniona, akanyoosha mkono, akaichukua raba, akaniachia penseli.

Nikapiga mstari mmoja juu ya ile kumi na tano, mstari mwembamba, ili atakayekuja aweze kuisoma. Pembeni nikaandika: ishirini na sita, dirisha la jikoni, maziwa ya Rodah ndani ya kijumba, niliandika uongo. Nikatia jina langu lote. Yeye akatia lake chini ya langu, na ukurasa ule ndio aliompelekea Mkuu Nairobi. Dawa ya kupe haikurudi kwenye chumba kile.